Kabla ya dawa, baada ya dawa: Utajuaje kama imefanya kazi?

HAKUNA ushahidi unaoaminiwa upesi kama ule wa kabla na baada. Fulani alikuwa na presha, akatumia unga wa mizizi kwa wiki tatu, presha ikashuka. Bibi fulani alilemewa na maumivu ya magoti, akapakwa mafuta, na sasa anapanda ngazi bila fimbo. Abiria wote katika matatu hutega masikio, na kabla ya kufika mwisho wa safari chupa tatu zimeshanunuliwa.

Huenda hakuna aliyedanganya. Presha ilikuwa juu, na sasa iko chini. Lakini je, huko kushuka ni kushuka kweli, au ni bahati ya siku hiyo? Na kama ni kweli, ni dawa iliyoishusha au ni jambo jingine?

Watafiti wa tiba nao hujiuliza maswali hayo hayo kila siku. Tofauti ni kwamba wao wana njia ya kuyajibu, na njia hiyo haihitaji mashine ya bei ghali. Msomaji akiielewa, hatauziwa tena kila kilichotiwa ndani ya chupa. Ili kuiona vizuri, tuuache mji kwa muda tuelekee Chara, mahali ambapo swali la kabla na baada linahusu afya ya watoto wa shule.

Maji yenye neema na madhara

Chara ni mahali palipo katika eneo bunge la Garsen, kaunti ya Tana River, kule ambako Mto Tana unakaribia kumwaga maji yake baharini. Ni nchi ya maji. Mto ukifurika, Wapokomo hupata mabonde ya kupanda mpunga. Kiangazi kikizidi kwingineko, Waorma huleta mifugo kwenye malisho ya delta. Katika maji hayo watu huoga, hufua, huvua samaki na kuvuka kwa mitumbwi.

Kwa bahati mbaya, maji ya namna hiyo ndiyo makao ya konokono wadogo wanaoeneza kichocho. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo aliyonayo huanguliwa. Viluwiluwi vinavyotoka humwingia konokono, hukua humo, kisha hutoka wakiwa tayari kupenya ngozi ya yeyote atakayeingia majini. Konokono hao hawapendi mkondo wenye kasi wala maji ya chumvi. Hupenda maji yaliyotulia: mabwawa, mifereji ya mashamba na vidimbwi vinavyoachwa na mafuriko. Na hapo ndipo watoto wanapopenda kuogelea.

Kichocho cha Pwani ya Kenya ni kile cha njia ya mkojo. Dalili yake inayojulikana zaidi ni damu inayotoka mwishoni mwa haja ndogo. Kwa kuwa watoto wengi huipata, kuna wazazi wanaodhani kwamba ni hatua ya kawaida ya ukuaji. Sivyo. Ugonjwa usipotibiwa hupunguza damu mwilini, hudumaza mtoto, hukakamaza kibofu na huweza kuharibu figo. Baada ya miaka mingi unaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake, mayai yanayokwama kwenye sehemu za uzazi husababisha vidonda ambavyo mara nyingi hudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa, na ambavyo vinaweza kurahisisha kuambukizwa virusi vya Ukimwi.

Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli. Hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, mara nyingi kwa dozi moja tu. Mahali ambapo hakuna mizani, mtoto husimamishwa kando ya mti wa kupimia uliotiwa alama, na urefu wake huonyesha idadi ya vidonge atakavyomeza.

Mpango wa kitaifa wa Kenya wa kutoa dawa za minyoo shuleni ulianza mwaka 2009 na kupewa nguvu mpya mwaka 2012. Minyoo ya tumbo ndiyo iliyolengwa kila mahali, na kichocho mahali kilipo. Pamoja na kugawa vidonge, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa kimatibabu nchini, walipewa kazi ya kurudi katika shule zilizochaguliwa na kupima watoto kabla na baada ya dawa. Mwaka 2012 karibu theluthi moja ya watoto waliopimwa walikuwa na minyoo ya tumbo. Kufikia 2017 kiwango hicho kilikuwa kimepungua kwa zaidi ya nusu.

Kwa nini wapimwe baada ya kumeza, na dawa inajulikana kuwa nzuri? Kwa sababu vidonge hugharimu fedha, na kuvifikisha kwenye shule za delta wakati wa mvua ni kazi ngumu. Dozi ikiwa ndogo, au minyoo wakianza kuizoea dawa, ni lazima ijulikane mapema. Na dawa ikiwa inafanya kazi, mzazi ambaye mtoto wake aliumwa tumbo au kutapika baada ya kumeza ana haki ya kuambiwa kwamba haikuwa bure.

Watoto kumi na mayai yao

Kupima kichocho cha mkojo ni kazi ya kuhesabu. Mkojo huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu huo ndio wakati mayai hutoka kwa wingi. Mtaalamu wa maabara huchuja mililita 10, akaweka kichujio chini ya hadubini na kuhesabu yai moja moja. Shirika la Afya Duniani huhesabu mayai 50 au zaidi katika mililita 10 kuwa ni ugonjwa mzito. Wiki chache baada ya dawa, mtoto yule yule hupimwa tena.

Hebu sasa tuwatazame watoto kumi wa darasa moja. Nambari zifuatazo ni za mfano tu, wala si za shule yoyote. Nambari ya kwanza ni mayai kabla ya dawa, ya pili ni baada ya wiki sita:

Mtoto wa 1: 120, kisha 4
Mtoto wa 2: 35, kisha 0
Mtoto wa 3: 8, kisha 0
Mtoto wa 4: 210, kisha 12
Mtoto wa 5: 15, kisha 18
Mtoto wa 6: 64, kisha 0
Mtoto wa 7: 5, kisha 0
Mtoto wa 8: 90, kisha 3
Mtoto wa 9: 42, kisha 0
Mtoto wa 10: 22, kisha 1

Jambo la kwanza ambalo wengi wetu tungefanya ni kutafuta wastani. Kabla ya dawa wastani ulikuwa mayai 61 kwa kila mtoto. Baada ya dawa ni karibu 4. Mayai yamepungua kwa asilimia 94. Habari njema, lakini tusifanye haraka. Tazama mtoto wa nne. Yeye peke yake alikuwa na theluthi ya mayai yote ya darasa. Wastani huyumbishwa na mtu mmoja kama mtumbwi unavyoyumbishwa na abiria mmoja mnene.

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi. Tuseme siku ya pili mtoto huyo wa nne hakuja, amefuatana na baba yake na ng'ombe, au njia imekatwa na mafuriko. Mtafiti asiye makini akichukua wastani wa waliokuja siku ya kwanza na kuulinganisha na wastani wa waliokuja siku ya pili, mayai yataonekana yamepungua sana hata kama hakuna mnyoo mmoja aliyekufa. Atakuwa amelinganisha watu tofauti.

Dawa ya kosa hilo ni kile wanatakwimu wanachokiita kipimo cha jozi. Kila mtoto hulinganishwa na nafsi yake. Nambari yake ya pili hutolewa kutoka kwenye nambari yake ya kwanza, na kinachochunguzwa ni badiliko la kila mmoja. Uzuri wake ni huu: umri, maumbile, nyumba anayotoka na umbali wa kwao kutoka mtoni ni vile vile siku zote mbili. Tofauti kati ya mtoto na mtoto, ambazo ni kubwa mno, huondoka zenyewe. Linalobaki ni badiliko.

Shilingi itoe hukumu

Katika darasa letu la mfano, watoto tisa wamepungukiwa na mayai na mmoja ameongezeka. Je, hilo lingeweza kutokea kwa bahati tu? Swali hili si la bure, kwa kuwa mayai ya kichocho hupanda na kushuka siku hadi siku hata kwa mtu asiyemeza chochote.

Mtafiti huanza kwa kujifanya mbishi. Husema: tuchukulie kwamba dawa haikufanya lolote. Hiyo ndiyo dhana atakayoijaribu. Ikiwa ni kweli, kila mtoto ana nafasi sawa ya kushuka au kupanda, kama shilingi inayorushwa juu. Kwa hiyo watoto kumi ni sawa na kurusha shilingi mara kumi.

Ukirusha shilingi mara kumi, kuna mifuatano 1,024 inayoweza kutokea. Kati ya hiyo, mmoja tu ndio wenye kichwa mara zote kumi, na mifuatano 10 ina kichwa mara tisa. Jumla ni 11. Lakini mtafiti mwenye haki hukumbuka kwamba matokeo yangeweza kuegemea upande wa pili pia, watoto tisa au kumi wakaongezeka mayai, na hilo lingemshangaza vile vile. Huongeza 11 nyingine na kupata 22. Kwa hiyo, kama dawa haina kazi, matokeo ya kuegemea upande mmoja kiasi hiki yangetokea mara 22 katika 1,024, yaani karibu mara 2 katika 100.

Je, hiyo ni nadra kiasi cha kutosha? Tangu Mwingereza Ronald Fisher alipochapisha kitabu chake cha takwimu kwa watafiti mwaka 1925, desturi imekuwa kwamba jambo ambalo bahati ingelileta chini ya mara 5 katika 100 halipaswi kupuuzwa. Kwa kipimo hicho, ule ubishi wetu wa kwamba dawa haikufanya lolote umeshindwa.

Sasa badilisha kidogo. Tuseme waliopungukiwa ni watoto saba kati ya kumi. Ukisikia mjini kwamba watu saba kati ya kumi waliotumia dawa fulani wamepata nafuu, hakika utaguswa. Lakini hesabu ile ile inaonyesha kwamba shilingi ikirushwa mara kumi, itaangukia upande mmoja mara saba au zaidi katika mifuatano 352 kati ya 1,024. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja. Saba kwa kumi ni jambo ambalo bahati hulifanya bila jasho. Jaribu mwenyewe nyumbani na watoto wako. Haitawachukua robo saa.

Hesabu hii ya kupanda na kushuka ndiyo iliyo rahisi kuliko zote. Ina upungufu mmoja, nao ni kwamba inamhesabu mtoto aliyetoka 5 hadi 0 sawasawa na aliyetoka 120 hadi 4. Mwaka 1945 mkemia Frank Wilcoxon, aliyefanya kazi Marekani, alitoa njia ya kupanga mabadiliko kwa ukubwa wake, ili lililo kubwa lipate uzito zaidi. Mwaka 1947 Quinn McNemar akatoa njia ya majibu ya ndiyo au hapana, kwa mfano mtoto ana damu kwenye mkojo au hana. Kwake yeye, waliobaki kama walivyokuwa hawatoi ushahidi wowote. Wanaohesabiwa ni waliobadilika: wangapi wametoka kwenye ugonjwa, na wangapi wameingia.

Wagonjwa kumi waliokosa usingizi

Kipimo cha jozi kinachojulikana kuliko vyote kina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1908 William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alichapisha makala kwa jina la bandia la Student, kwa kuwa kampuni haikuruhusu wafanyakazi kutaja majina yao. Ndani yake alichukua matokeo ya wagonjwa kumi wa hospitali ya akili ya Kalamazoo, Marekani, waliojaribiwa dawa mbili za usingizi. Kwa kila mgonjwa ilijulikana ni saa ngapi za ziada alizolala kwa dawa ya kwanza, na ngapi kwa ya pili.

Wagonjwa hao walitofautiana sana. Wapo walioongeza saa tano na nusu, na wapo ambao dawa iliwapunguzia usingizi badala ya kuwaongezea. Lakini Gosset alipomlinganisha kila mmoja na nafsi yake, tisa walilala zaidi kwa dawa ya pili na mmoja hakuona tofauti. Kwa wastani, dawa ya pili iliongeza zaidi ya saa moja na nusu juu ya ile ya kwanza.

Ukizikokotoa nambari hizo kwa njia ya jozi, nafasi ya bahati kuleta tofauti ya ukubwa huo ni chini ya 3 katika 1,000. Lakini ukizichanganya na kujifanya kwamba ni watu ishirini tofauti, kumi huku na kumi kule, nafasi hiyo hupanda hadi karibu 8 katika 100, na ungesema hakuna kilichothibitishwa. Watu ni wale wale na nambari ni zile zile. Kilichobadilika ni kuheshimu au kutoheshimu kwamba kila mtu ana kawaida yake. Ndiyo maana hata watafiti wenye fedha chache, wakifuata mtu yule yule, huweza kuona jambo ambalo lingefichika.

Jambo ambalo kipimo hakilisemi

Hapa msomaji tusimame kidogo, maana ndipo wengi wanapoteleza. Kipimo cha jozi hujibu swali moja tu: je, badiliko hili ni kubwa kuliko lile ambalo bahati ingelileta? Hakisemi ni nini kilichosababisha badiliko. Wala zile mara 2 katika 100 hazina maana kwamba dawa ina uhakika wa asilimia 98. Zinasema tu kwamba bahati peke yake ni shahidi dhaifu.

Fikiria watoto. Katika miaka ya 1980, wilayani Kwale, watafiti waliwapima uzito na urefu watoto wa shule wenye kichocho, wakawapa dawa, na kuwapima tena baada ya miezi minane. Mtoto yeyote huongezeka kwa miezi minane. Hata ungempa maji matupu, kipimo cha jozi kingepiga kelele kwamba kuna badiliko. Watafiti hao walilijua hilo. Kwa hiyo waliwagawa watoto kwa kura katika makundi matatu: dawa ya metrifonati, prazikwanteli, na kidonge kisicho na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kwamba waliotibiwa waliongezeka zaidi ya wale wa kidonge kitupu. Ushahidi ulikuwa katika neno hilo: zaidi.

Mfano mwingine ni wa Kwale hiyo hiyo, kuanzia 2015 hadi 2017, mara hii kuhusu minyoo ya safura. Mahali ambapo dawa ilitolewa shuleni tu kila mwaka, wenye safura walipungua kutoka karibu 19 katika kila watu 100 hadi 14. Mahali ambapo dawa ilipelekwa nyumba kwa nyumba mara moja kwa mwaka, walipungua kutoka 18 hadi 8. Ilipopelekwa mara mbili kwa mwaka, kutoka karibu 21 hadi 6. Makundi yote matatu yana kabla na baada ya kupendeza. Lakini faida ya kupita nyumba kwa nyumba haionekani mpaka uyaweke makundi hayo kando kwa kando.

Kenya ililipa gharama kubwa kujifunza somo hili. Mwaka 1990 KEMRI ilitangaza dawa ya Kemron, kiasi kidogo cha interferoni kinachoyeyushwa mdomoni, kwamba iliwaletea nafuu wagonjwa wa Ukimwi. Rais Daniel arap Moi mwenyewe aliitangazia dunia. Wagonjwa walipimwa kabla na baada, na maendeleo yaliyoripotiwa yalikuwa makubwa. Kilichokosekana ni kundi la kulinganisha. Wagonjwa walifika nchini kutoka mbali kuitafuta. Watafiti wa kwingineko walipoijaribu hawakuuona muujiza huo. Mjini Kampala, watu zaidi ya 500 wenye virusi waligawanywa kwa kura, wengine wakapata dawa na wengine kidonge kitupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000, na hapakuwa na faida. Dawa za ARV zinazotumiwa leo ni kitu tofauti kabisa: hizo zimepita mtihani wa kulinganishwa, na asiyezimeza ajihatarishe mwenyewe kwa kujua.

Kwa nini basi mtu hupata nafuu bila dawa yenye nguvu? Sababu moja ni kwamba tunatafuta tiba siku tuliyozidiwa. Presha, maumivu ya mgongo na pumu vina siku mbaya na siku nafuu. Ukipima siku iliyo mbaya kuliko zote, inayofuata inaelekea kuwa afadhali. Mwaka 1886 Francis Galton alilionyesha jambo kama hilo kwa vimo vya wazazi na watoto: yaliyovuka mpaka huelekea kurudi katikati. Sababu nyingine ni matumaini, chakula bora, kupumzika, na ukarimu wa wahudumu.

Na tusisahau ukubwa wa badiliko. Ukipima maelfu ya watu, hata presha ikishuka kwa pointi moja tu, hesabu inaweza kusema kwamba si bahati. Lakini pointi moja haitamwokoa mtu na kiharusi.

Maswali ya kumuuliza mwenye kabla na baada

Ukisomewa au kuuziwa matokeo ya kabla na baada, uliza haya kabla ya kutoa pesa:

Je, waliopimwa baada ni wale wale waliopimwa kabla? Walioanza walikuwa wangapi, na waliopotea njiani wako wapi? Aliyezidiwa au kufa hasimami jukwaani kutoa ushuhuda.

Wangapi walipata nafuu, wangapi walizidiwa, na wangapi walibaki vile vile? Saba kwa kumi umekwisha kuwaona.

Kuna waliofuatwa kwa muda huo huo bila kupewa dawa hiyo? Ikiwa hawapo, wakati wenyewe unaweza kuwa ndio ulioponya.

Badiliko ni kubwa kiasi gani, na lilidumu kwa muda gani?

Mwenye presha anaweza kuanza na daftari lake mwenyewe. Keti na upumzike dakika tano, usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla, kisha pima asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Fanya vivyo hivyo baada ya daktari kubadilisha dawa au baada ya kupunguza chumvi. Mfuatano wa siku saba una maana kuliko kipimo kimoja cha dukani. Lakini usiache dawa uliyoandikiwa kwa ajili ya kufanya majaribio yako. Peleka daftari kliniki mkalisome pamoja.

Na kichocho je?

Darasa letu la mfano lilipimwa baada ya wiki sita. Swali ambalo mwalimu wa Chara angeuliza ni hili: baada ya mwaka itakuwaje? Prazikwanteli huua minyoo waliokomaa, lakini haiwaui vizuri wale wachanga, na haimzuii mtoto kuambukizwa tena akirudi bwawani. Kabla na baada ya wiki sita inapima dawa. Kabla na baada ya mwaka inapima pia maji, vyoo na mabomba.

Kwa hiyo, kama wewe au mtoto wako mliogelea, mlifua au mlivuka kwa miguu maji yaliyotulia huko delta, Kwale au kwingine penye kichocho, hata kama ilikuwa ni likizo ya siku chache, nendeni mkapimwe mkojo. Waambieni wahudumu kwamba mliingia majini, kwa sababu daktari wa mjini huenda asilifikirie. Damu kwenye mkojo isingojee. Mwanamke mwenye vidonda au kutokwa na uchafu kusikopona kwa dawa za kawaida naye alitaje jambo hilo.

Baada ya kumeza dawa, rudini mkapimwe tena baada ya wiki kadhaa kama mtakavyoelekezwa. Mpewapo majibu ya pili, ombeni muonyeshwe na yale ya kwanza, ya mtu yule yule, kando kwa kando.